Namna Shule, Familia na Jamii Zinavyoweza Kumsaidia Mwanafunzi Ajifunze

Katika daftari la hesabu la mtoto mmoja niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita palikuwa na ukurasa mzima wa maswali ya kutoa, na mengi kati ya hayo yalikuwa yamekosewa. Swali la kwanza lilimtaka atoe 27 kwenye 52, naye alikuwa ameandika 35. Nilikuwa nimeusahihisha ukurasa huo kwa kalamu nyekundu na kuandika chini yake "Ongeza bidii". Nyumbani walikuwa wameuona, wakamkanya kwa uvivu na kumnyima michezo ya jioni. Siku chache baadaye nilimketisha pembeni, nikamwomba alifanye swali lilelile kwa sauti, naye akaeleza bila kusita: "Mbili haifiki saba, Mwalimu, kwa hiyo nikatoa mbili kwenye saba nikapata tano. Halafu kwenye tano nikatoa mbili, nikapata tatu." Nilipoyapitia upya maswali yote ya ukurasa ule niliona kwamba aliyoyapata ni yale ambayo tarakimu ya juu katika mamoja ilikuwa kubwa kuliko ya chini, na aliyoyakosa ni yale ambayo ilikuwa ndogo. Mtoto huyo alikuwa na kanuni yake, isiyo sahihi, na alikuwa ameifuata kwa bidii kutoka swali la kwanza hadi la mwisho.

Nimeanza na daftari hilo kwa sababu mwongozo huu mzima umesimama juu ya jambo linaloonekana humo. Watu wazima wanaomzunguka mwanafunzi hukutana mara kwa mara kujadili michango, sare, nidhamu na matokeo ya mitihani, lakini ni nadra sana wakutane kujadili kile ambacho mtoto anakijua leo, pale hasa anapokwama, na nani atafanya nini wiki hii ili akwamuke. Kwa sababu hiyo misaada mingi inayotolewa kwa moyo mweupe humpita mtoto pembeni. Mzazi analipia masomo ya ziada yanayorudia mada ambayo mtoto haiwezi kwa kuwa msingi wake uko madarasa mawili nyuma, mwalimu anatoa kazi ya nyumbani ambayo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuisimamia, na jamii inajenga vyumba vipya vya madarasa bila kuuliza kama watoto watakaokaa humo wanaweza kusoma kilichoandikwa ubaoni.

Fahamu kwanza mtoto amefika wapi

Mtihani wa mwisho wa muhula hautoshi kutoa habari hii. Alama 38 kati ya 100 katika somo la sayansi hazisemi kama mtoto hakuielewa mada, au aliielewa lakini hakuweza kusoma maswali, au alisoma taratibu mno muda ukamwishia. Njia nyepesi na ya uhakika zaidi ni kumpima kila mtoto peke yake, kwa mdomo, kwa dakika tano au sita. Andaa karatasi moja yenye herufi kadhaa, maneno mafupi ya kila siku, aya ya sentensi nne nyepesi, na hadithi fupi yenye sentensi kumi hivi. Mpe aya kwanza. Akiisoma vizuri mpandishe kwenye hadithi. Akishindwa mshushe kwenye maneno, na akishindwa maneno mshushe kwenye herufi. Anayeiweza hadithi aulizwe maswali mawili, moja ambalo jibu lake limeandikwa wazi na jingine linalomtaka aunganishe mambo mawili yaliyosemwa mahali tofauti, kwa maana wapo watoto wanaosoma kwa sauti nzuri isiyokwama popote na bado hawawezi kusimulia hata tukio moja la hadithi waliyotoka kuisoma. Katika hesabu, fuata ngazi za namna hiyohiyo: kutambua namba, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya.

Upimaji wa aina hii umetumiwa kwa upana na Pratham, shirika lililoanzishwa Mumbai, India, mwaka 1995, ambalo baada ya kupima huwapanga watoto kwa muda fulani wa siku kulingana na ngazi waliyofikia, bila kujali umri wala darasa, kisha huwafundisha kuanzia hapo walipo. Mbinu hiyo ilichunguzwa kwa miaka mingi na watafiti, wakiwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, na imeonyesha kwamba watoto walioachwa nyuma wanaweza kupiga hatua kubwa pale mafundisho yanapoanzia wanapoweza kushika. Shule yoyote inaweza kuchukua kiini chake bila gharama kubwa: saa moja kwa siku ambayo madarasa matatu yanachanganywa, na kila mwalimu anachukua kundi la ngazi moja. Sharti ni moja tu, nalo ni zito. Kundi liwe la muda, watoto wapimwe tena kila baada ya wiki kadhaa na kuhamishwa, na pasiwe na kundi linalojulikana shuleni kuwa ni la "wasiojua", maana jina likishamganda mtoto huenda naye mbali kuliko hata somo lenyewe.

Kusoma kupewe nafasi ya kwanza kuliko masomo mengine yote. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilianza kutumia kipimo inachokiita umaskini wa kujifunza, yaani hali ya mtoto kufikisha miaka 10 akiwa hawezi kusoma na kuelewa matini fupi na nyepesi. Umri huo haukuchaguliwa ovyo, kwani kuanzia hapo jiografia, sayansi, historia na hata hesabu hufundishwa kwa kupitia maandishi, na asiyesoma hukosa kila kitu kwa wakati mmoja huku akionekana kana kwamba ana udhaifu katika masomo sita tofauti.

Ndani ya darasa

Mwalimu ana mengi asiyoweza kuyabadilisha, lakini mambo machache yaliyo mikononi mwake kabisa yana uzito mkubwa. Moja ni ukimya baada ya swali. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alirekodi masomo mengi na kuona kwamba walimu, baada ya kuuliza, walisubiri sekunde moja hivi kabla ya kumtaja mwingine, kurudia swali au kutoa jibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitokeza, na wale waliodhaniwa kuwa wazito walianza kusema. Anayetaka kulijaribu hili ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kumwita mtu yeyote, na aanze kwa kulitaja swali kwanza na jina baadaye, ili darasa zima lifikiri. Siku za mwanzo ukimya huo huonekana mrefu mno. Ni vizuri kuwaambia watoto waziwazi kwamba umewapa muda wa kufikiri, la sivyo watadhani umesahau somo.

Jambo la pili ni kuwafanya wakumbuke mara kwa mara yale waliyokwisha kufundishwa. Tangu mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha majaribio yake kuhusu kumbukumbu, tumejua kwamba tunachojifunza hutoweka kwa kasi siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku mbalimbali hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha tena jambo ambalo wanafunzi wengi hulitilia shaka: baada ya wiki moja, waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama walikumbuka zaidi kuliko waliokisoma tena na tena, ijapokuwa waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano tu. Kwa hiyo dakika tano za kwanza za kila kipindi zitumike hivi: vitabu vimefungwa, kila mtoto anaandika majibu ya maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita. Wasahihishe wenyewe na alama zisirekodiwe. Mtoto akijua kwamba zoezi hilo halimwingizii alama wala halimpunguzii, ataandika anachokijua kweli badala ya kuchungulia kwa jirani.

Usahihishaji nao unahitaji kutazamwa upya, na hapa nasema kwa uchungu wa mtu aliyeandika "Ongeza bidii" kwenye madaftari mengi. Maneno hayo hayamwambii mtoto afanye nini kesho asubuhi. Badala yake andika jambo moja analoweza kulitenda: "Rudia swali la 3 kwa kuchora vijiti", "Soma tena aya ya pili utafute sababu", "Kila sentensi imalizike kwa nukta". Kisha mpe dakika kumi darasani azitumie kufanya ulichomwandikia, kwa kuwa maoni yasiyotengewa muda wa kufanyiwa kazi huishia kuwa mapambo ya daftari. Mwenye darasa la watoto sabini hawezi kuandika hivyo katika kila daftari kila siku, na wala hatakiwi. Achukue madaftari kumi kwa siku kwa zamu, na mengine ayapitie kwa jicho akitafuta kosa linalojirudia kwa wengi ili alifundishe kwa wote.

Pale ambapo lugha ya kufundishia si lugha ya nyumbani, mtoto anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na shule ihesabu hivyo. Ruhusu wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoifikiria, kisha waandike na kujibu kwa lugha ya somo. Andika ubaoni maneno mapya matano au sita mwanzoni mwa kipindi, yasomwe, yaelezwe kwa vitendo au michoro, na yabaki hapo hadi mwisho.

Kuhusu adhabu nitasema kwa ufupi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi zihakikishe nidhamu ya shule inasimamiwa kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Hilo ni suala la haki, na pia ni suala la kujifunza: mtoto anayepigwa au kuchekwa kwa jibu lisilo sahihi hujifunza haraka kuficha asichokijua, na mwalimu aliyefichwa kosa hana namna ya kulirekebisha.

Nyumbani, hata kwa mzazi asiyesoma

Wazazi wengi hujitoa mapema kwa kuamini kwamba hawawezi kumsaidia mtoto kwa sababu wao wenyewe hawakusoma sana, au masomo yamebadilika. Imani hiyo ina madhara makubwa kuliko ukosefu wenyewe wa elimu. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya jambo ambalo mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi, nalo ni kumsikiliza mtoto mmoja kwa dakika kumi na tano kila siku.

Fanyeni hivi. Mtoto akae ubavuni kwako, kitabu kikiwa mahali mnapokiona nyote wawili, asome kwa sauti huku akipitisha kidole chini ya mstari. Akikwama kwenye neno, nyamaza na uhesabu polepole hadi tano. Akiwa bado amekwama, mwambie alitamke kwa silabi, kisha aziunganishe. Akishindwa na unalijua, mtajie bila kumsuta. Usipolijua, alitie alama ya penseli ili amuulize mwalimu kesho. Kisha, na hatua hii ndiyo inayosahaulika, arudi mwanzo wa sentensi aisome yote upya, kwa sababu neno lililopatikana kwa taabu huvunja maana ya sentensi nzima. Mwisho wa ukurasa mwambie, "Haya, nisimulie." Mzazi asiyejua kusoma hupata habari ya kweli katika usimulizi huo: mtoto akisimulia kwa mtiririko, na kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa, akirudia maneno mawili matatu na kutazama dari, hajaelewa, na ukurasa huo usomwe tena kesho.

Swali la "Leo shuleni kumekuwaje?" huzaa jibu la "Kuzuri" na mazungumzo yanakufa hapo. Muulize, "Nifundishe kitu kimoja ulichofundishwa leo," au "Ni swali gani limekutatiza leo?" Hilo la pili lina thamani ya pekee kwa sababu linamzoesha mtoto kuona kutatizwa kuwa sehemu ya kawaida ya kazi, tena jambo linaloweza kutajwa mbele ya mzazi bila kuogopa.

Muda maalumu una nguvu kuliko chumba maalumu. Familia inayoishi katika chumba kimoja inaweza kumpa mtoto mazingira bora ya kusomea kuliko yenye nyumba kubwa, mradi kila siku saa ileile redio na televisheni vinazimwa, simu za wote zinawekwa kando pamoja na ya mzazi, na kazi za nyumbani zimegawanywa ili asiwe mtoto mmoja, mara nyingi msichana, anayezifanya zote huku kaka zake wakisoma. Anayeanza kusoma usiku wa manane baada ya kumaliza kila kitu hajapewa muda wa kusoma. Usingizi wenyewe uhesabiwe kuwa sehemu ya masomo. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitoa mapendekezo mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Kumkesha mtoto usiku wa kuamkia mtihani ni kumpokonya kile kinachomsaidia kukumbuka.

Sifa zitolewe kwa kazi iliyofanyika. Claudia Mueller na Carol Dweck waliandika mwaka 1998 kuhusu watoto waliosifiwa kwa akili na wengine waliosifiwa kwa juhudi. Walipokutana na maswali magumu wakashindwa, waliosifiwa kwa akili walipoteza hamu na ustahimilivu zaidi. Kumwambia mtoto "Umerudia swali hili mara tatu mpaka likakubali" kunamwonyesha alichokifanya kikafaa, na anaweza kukifanya tena. Kumlinganisha na ndugu yake hakumwonyeshi chochote cha kufanya.

Usimfanyie kazi yake ya nyumbani. Mwalimu akipokea daftari lisilo na kosa lolote atadhani somo limeeleweka na atasonga mbele, na mtoto atakuwa amefungiwa mlango wa kusaidiwa. Kama amejaribu kwa nusu saa akashindwa, andika pembeni, "Amejaribu, amekwama hapa." Sentensi hiyo ina faida kwa mwalimu kuliko majibu kumi sahihi yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu mzima.

Mazungumzo kati ya shule na nyumbani

Wazazi wengi huitwa shuleni kwa mambo mawili, fedha na makosa, na baadhi yao walipokuwa wanafunzi waliumizwa na shule kiasi kwamba kuingia lango lake huwarudishia hofu ya utotoni. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ujumbe wa kwanza wa mwaka kwenda kwa kila familia uwe wa habari njema na wa kweli, hata wa sentensi moja: mtoto amemsaidia mwenzake kusoma, au ameuliza swali lililowafikirisha wote. Mzazi aliyepokea ujumbe huo atakuja kwa moyo mwingine siku atakayoitwa kwa tatizo.

Mkutano mkubwa wa wazazi wote ukumbini una kazi yake, lakini kujifunza kwa mtoto mmoja hakuwezi kujadiliwa humo. Kunahitajika kikao cha dakika kumi cha mwalimu, mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe, daftari likiwa limefunguliwa mezani katikati yao. Mwalimu aanze kwa kuonyesha jambo ambalo mtoto analiweza, kisha mahali anapokwama, kwa kugusa swali lenyewe kwa kidole. Kwa mtoto wa lile daftari la kutoa, kikao chetu kilikwenda hivi. Nilimwambia mama yake, "Mama, kujumlisha anakuweza vizuri kabisa. Tatizo liko hapa tu, tarakimu ya juu inapokuwa ndogo." Akauliza, "Sasa mimi nifanye nini, Mwalimu? Hizi hesabu za kukopa zilinishinda tangu nikiwa mdogo." Nikamwomba mtoto aonyeshe. Alihesabu vijiti 52, akavifunga mafungu matano ya kumikumi na viwili vikabaki huru. Alipotakiwa kutoa 27 aliona viwili havitoshi kutoa saba, akafungua fungu moja, akawa na vijiti 12 huru na mafungu manne; akatoa saba vikabaki vitano, akatoa mafungu mawili yakabaki mawili. "Ishirini na tano," akasema. Mama akavichukua vijiti akajaribu 43 kutoa 18 kwa mikono yake, akapata 25 pia, na hapo tukakubaliana jambo moja: maswali matatu ya vijiti kila jioni kwa wiki mbili, mtoto akifundisha na mama akiwa mwanafunzi.

Makubaliano yawe ya jambo moja, lenye siku ya kuanza na siku ya kupimwa. Mzazi anayeondoka na maagizo saba hatatekeleza hata moja. Mtoto awepo na asemewe kidogo iwezekanavyo. Aulizwe yeye mwenyewe anaona nini kinamsaidia, maana mara nyingi analijua jibu ambalo wakubwa wanalitafuta, kama vile kwamba anapoketi nyuma haoni ubao. Kuhusu muda, shule inayoita vikao saa za kazi tu isishangae kuona viti vitupu. Jioni moja kwa mwezi, au mazungumzo ya simu ya dakika tano, humfikia yule ambaye kila mara amekuwa akiitwa "mzazi asiyejali".

Jamii ianzie wapi

Joyce Epstein, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliyefanya kazi ya miaka mingi juu ya ushirikiano wa shule na familia, anataja aina sita za ushirikiano huo: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki katika maamuzi, na kushirikiana na jamii. Nimeona mara nyingi jamii ikikumbukwa kwenye kujitolea peke yake, tena kujitolea kwa kubeba mawe na kuchimba msingi. Yapo mengine yanayogusa kujifunza moja kwa moja.

La kwanza ni mahali na saa. Ukumbi, nyumba ya ibada, au chumba cha darasa baada ya masomo kinaweza kufunguliwa kwa muda wa saa mbili, jioni tatu kwa wiki, kikiwa na mwanga wa kutosha, vitabu vichache na watu wazima wawili. Vijana waliomaliza shule na wastaafu hufaa sana kuwasikiliza watoto wakisoma kwa utaratibu uleule wa nyumbani, na nusu siku ya mafunzo inatosha kuwaandaa. Wote watakaokaa na watoto wawe wamethibitishwa na shule, wafanye kazi wakiwa wawili au zaidi mahali palipo wazi, na wazazi wawajue kwa majina. Kanuni hizi ziwekwe kabla ya siku ya kwanza, kwa kila mtu, hata anayeheshimika kuliko wote.

La pili ni ujuzi ulioko mitaani. Fundi seremala akija darasani na futi yake, akawapa watoto kipande cha ubao wakipime na kukigawa sehemu nne sawa, amefundisha sehemu na vipimo kwa namna inayobaki akilini. Mwalimu aandae swali la kufanyiwa kazi mapema pamoja na mgeni wake, vinginevyo ziara hugeuka hotuba ya mafanikio ya maisha.

La tatu ni kamati ya shule. Katika ajenda ya kila kikao, kabla ya ujenzi na michango, ziwekwe namba mbili: watoto wangapi wa kila darasa wanaweza kusoma hadithi fupi na kuielewa, na watoto wangapi walikosa shule mwezi uliopita. Namba zisomwe bila majina ya watoto, na zilinganishwe na za kikao kilichotangulia.

Namba hiyo ya pili inahitaji uangalifu kwa sababu utoro mdogomdogo hauonekani. Mtoto anayekosa siku mbili kila mwezi haonekani mtoro, lakini katika mwaka wenye miezi tisa ya masomo amekosa siku 18, yaani zaidi ya wiki tatu na nusu, na katika hesabu au kusoma, ambako somo la leo limejengwa juu ya la jana, pengo hilo halijizibi lenyewe. Anayefika mara ya tatu kukosa katika mwezi mmoja afuatiliwe na mtu anayemfahamu, na swali la kwanza liwe "Nini kimekuzuia?" Sababu zina tiba tofauti kabisa: ugonjwa, njia isiyo salama, kumlea mdogo wake, hedhi isiyo na vifaa, kuonewa na wenzake, au aibu ya kutojua kusoma mbele ya darasa. Mlezi wa jirani anaweza kuitatua ya tatu, watu wazima wanaopita njia ileile asubuhi wanaweza kuitatua ya pili, na ya mwisho inarudi kwa mwalimu.

Kabla ya kumwita mtoto yeyote mzito, apimwe macho na masikio. Msimamishe mita sita kutoka kwenye herufi kubwa zilizobandikwa ukutani, afunike jicho moja kisha jingine. Simama nyuma yake utamke maneno kwa sauti ya chini ayarudie. Hivi si vipimo vya daktari, bali vinatosha kuonyesha nani apelekwe kwa wataalamu na nani aketishwe mbele kuanzia leo. Kwa mtoto mwenye ulemavu, muulize mzazi wake mambo mawili kabla ya kupanga chochote, yaani anayoyaweza akiwa nyumbani na namna anavyopenda kusaidiwa, kwani ameshajaribu mengi ambayo shule iko karibu kuyaanza upya.

Baada ya miezi mitatu

Rudia kipimo kilekile cha mdomo, kwa karatasi yenye hadithi mpya ya ugumu uleule, na uweke matokeo kando ya yale ya kwanza. Mtoto aliyepanda ngazi aongezwe kazi na aambiwe ni kitu gani alichokifanya kikampandisha. Ambaye hajasogea, kaeni tena watatu na mbadilishe njia: labda dakika kumi na tano za jioni hazikuwa zinafanyika, labda kitabu kilikuwa kigumu kupita kiasi, labda kundi alilowekwa halikuwa lake. Andikeni katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake kile mlichojaribu, kile mnachojaribu sasa na jina la atakayekisimamia, na tarehe ya kikao kijacho iandikwe kabla mtu yeyote hajainuka kwenye kiti.